Nepi ya kitambaa: Sahili ndiyo bora

Mama anapokaribia kujifungua, swali moja ambalo huniuliza katika zahanati ni kuhusu nepi. Anunue za kutupa au za kitambaa? Na kama ni za kitambaa, achague zipi?

Yafaa ieleweke kwamba nepi za kutupa hunyonya mkojo vyema na kuiacha ngozi ikiwa kavu, hasa usiku. Sina ugomvi nazo. Lakini mtoto mchanga aweza kuhitaji nepi kumi kwa siku, na pesa zikipungua mzazi huanza kubana matumizi: nepi moja asubuhi hadi jioni, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hapo mtoto huungua ngozi. Afadhali kitambaa kinachobadilishwa kila kinapolowa.

Kwa maoni yangu, kitambaa bora ni kile sahili kabisa: kipande cha mraba cha pamba, cha taulo au melimeli, chenye upana wa sentimita 60 hivi. Hakina lastiki wala tabaka zilizoshonwa pamoja. Ukikikunja kinakuwa kinene cha kutosha. Ukikikunjua, maji hupita, sabuni hutoka na jua hukikausha upesi. Zile nene zilizoshonwa huvutia macho dukani, lakini mwezi Julai jijini Nairobi zaweza kukaa kambani siku mbili na ndani zikabaki mbichi. Isitoshe, mraba humfaa mtoto tangu siku ya kwanza hadi aanze kutumia poti. Hubadilika mkunjo tu. Dazeni mbili zatosha ukifua kila siku. Ikiwa maji ni ya mgao mtaani kwenu, ongeza kidogo. Shuka kuukuu la pamba likikatwa vipande hufanya kazi ile ile.

Suruali ya plastiki ya kuvalishwa juu ya nepi iwe ya safari tu, maana huzuia hewa.

Sasa nije kwa jambo ambalo wengi hawalifahamu. Nepi nyingi hurithiwa kutoka kwa mtoto aliyetangulia, na huwa zimehifadhiwa sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, yaani nafthalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu huwapata zaidi wavulana, na umeenea katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, kama zile za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria. Mtoto kama huyo akivuta mvuke wa nafthalini, au ikipenya ngozini mwake, chembe hizo hupasuka. Huweza kuishiwa damu na kupata homa ya manjano ya watoto wachanga, ambayo ikizidi huharibu ubongo.

Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo. Kwa hivyo, nepi, shuka au blanketi yenye harufu ya vidonge hivyo isimguse mtoto mchanga. Ukiona macho au ngozi yake ikigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au akilala mno na kukataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kufua, kinyesi kitupwe chooni kwanza, kwani hata cha mtoto hueneza kuhara. Ndoo ya kuloweka iwe na kifuniko kinachobana. Mtoto anayetambaa aweza kuzama katika maji machache. Tumia maji moto na sabuni, kisha suuza mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo haifai, kwani hukifanya kitambaa kisinyonye. Anika juani, kamwe si nyasini, na upige pasi ya moto pande zote mbili, kwani kuna nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi na mabuu yake huingia ngozini.

Mtoto akipata wekundu, mwoshe kwa maji matupu, mkaushe na umpake krimu yenye zinki. Wekundu ukiingia katika mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vipele vidogo, huenda ni ukungu, nao huhitaji dawa yake. Krimu zenye steroidi zinazouzwa kiholela usizipake bila ushauri wa daktari. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chini ya nepi dawa hiyo hupenya hadi mwilini.