Mtambo wa Maji Machafu: Kwa Nini Huzeeka, na Jinsi Unavyopanuliwa

Mgeni azuruye magofu ya Gede, kati ya Malindi na Watamu, huonyeshwa misikiti, makaburi na jumba la mfalme. Lakini yako mambo mengine yafaayo kutazamwa: visima, na vyoo vilivyojengwa kwa mawe ndani ya nyumba. Watu waliokaa hapo zaidi ya miaka 500 iliyopita walijua kwamba mji hauwezi kuwa na afya ikiwa wenyeji wake hawana mahali pa kupeleka uchafu. Jambo hilo halijabadilika. Lililobadilika ni wingi wa watu. Katika hesabu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kilifi peke yake ilionekana kuwa na watu 1,453,787.

Sehemu kubwa ya mwambao huu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu na nyufa nyingi. Maji ya choo cha shimo hupita humo upesi, bila kuchujwa kama yachujwavyo na udongo mzito, na huweza kufika katika kisima cha jirani. Yakitekwa huonekana maangavu, wala hayana harufu, kumbe yamebeba homa ya matumbo au kipindupindu. Mwaka 1854 daktari mmoja wa London, John Snow, aliandika nyumba zilizofiwa na watu kwa kipindupindu, akaona kwamba nyingi zilizunguka bomba moja la maji ya kisima. Tangu hapo watu walizidi kufahamu kwamba choo na kisima visipotenganishwa, kifo hakiko mbali.

Mji wa Malindi umekua kwa miaka mingi ukitegemea vyoo vya mashimo, na mashimo yaliyojengewa saruji ambayo hunyonywa kwa lori yanapojaa. Jirani yake Mombasa una mtambo wa kusafisha maji machafu huko Kipevu, uliokusudiwa kusafisha takriban mita za ujazo 17,000 kwa siku, yaani kama madebe 850,000 ya lita 20. Basi yafaa kila mtu wa pwani aelewe mtambo wa namna hii hufanya kazi gani, na kwa nini hauwezi kujengwa mara moja ukaachwa.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Maji machafu ya mji ni maji hasa. Uchafu wenyewe ni sehemu ndogo sana. Kwanza hupitishwa katika vyuma vilivyopangwa kama chanja, ili matambara na takataka zizuiliwe. Kisha huenda polepole ili mchanga uzame. Baada ya hapo huingia katika hodhi kubwa, na hapo ndipo kazi kubwa hufanyika.

Kazi hiyo haifanywi na mashine, bali na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huula uchafu ulioyeyuka majini. Lakini, kama mtu, havina budi kupata pumzi. Kazi ya mashine ni kuyavuruga maji au kupuliza hewa ndani yake, mchana na usiku. Kisha maji hupelekwa katika hodhi ya kutulia. Tope huzama chini, na maji yaliyosafika hutoka juu. Sehemu ya tope hilo hurudishwa katika hodhi ya kwanza, kama mwokaji aachavyo donge la jana ili kuchachusha unga wa leo. Tope linalobaki hukaushwa na kuondolewa. Njia hii ilitangazwa huko Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na hata leo miji mingi duniani huitumia.

SABABU ZA KUZEEKA

Mtambo huchoka kwa sababu tatu. Ya kwanza ni watu kuongezeka. Viumbe vile vyahitaji saa za kutosha kumaliza mlo wao. Maji yakizidi kipimo, husukumwa nje kabla kazi haijaisha. Mtambo waonekana unaendelea, lakini kinachotoka ni uchafu.

Sababu ya pili ni kuliwa kwa vifaa. Maji machafu hutoa mvuke unaonuka kama yai viza. Mvuke huo hugeuka kuwa asidi inayokula saruji na chuma, na hewa ya chumvi ya pwani huongeza kutu. Ya tatu ni uangalizi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, au mashine ya hewa ikivunjika na vipuri havipo, vile viumbe hufa, na kuvikuza tena huchukua siku nyingi.

KAZI YA KUPANUA

Mtu aweza kufunga duka lake ili alitengeneze, lakini hakuna awezaye kuuambia mji usitumie choo. Kwa hiyo mafundi aghalabu hujenga hodhi mpya kando ya zile za zamani, hugeuza maji kuelekea huko, ndipo huzitengeneza zile zilizochakaa. Huko Kampala, Uganda, mtambo wa Bugolobi ulikuwa umefanya kazi tangu karibu mwaka 1940. Katika miaka ya 2010 kazi ya kujenga mtambo mpya ilianza, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku.

Hata hivyo, hodhi kubwa pasipo mabomba ni ghala lisilo na njia ya kufikia shamba. Nyumba zisipounganishwa, mtambo mpya hukaa na njaa, na visima huendelea kuchafuliwa. Tena bahari haina mlango: uchafu mwingi huotesha majani ya baharini yanayosonga matumbawe, ambamo samaki huzaliana. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, lakini mpaka wake hauwezi kuzuia maji yatokayo nchi kavu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na usafi wa kiasi kifaacho. Kutimiza haki hiyo ni wajibu wa serikali, lakini mwenye nyumba naye ana sehemu yake. Asitupe matambara, mchanga wala mafuta ya kupikia chooni. Asichimbe choo karibu na kisima, chake wala cha jirani. Na mahali ambapo bomba kuu halijafika, maji ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa, hata yakiwa maangavu kama kioo.