Hedifoni zikivuma, usikimbilie kuzirudisha dukani

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

TUSEME umenunua hedifoni sita za studio katika duka moja mjini Mbarara. Umepanda gari, umepita Isingiro na kufikisha mzigo Nakivale salama. Mteja wako wa kwanza ni kijana anayerekodi nyimbo katika chumba kimoja karibu na Base Camp. Amelipa vizuri, lakini kesho yake asubuhi yuko mlangoni. Anasema hedifoni zinavuma, anataka pesa yake.

Ukimrudishia, mtaji umelala. Ukizirudisha Mbarara, nauli ya kwenda na kurudi imekula faida ya zile tano zilizobaki. Na ukifika, mwenye duka anazichomeka kwenye simu yake, zinatoa sauti safi kabisa, na wewe unaonekana mwongo.

Hasara ya namna hii mara nyingi inaepukika, kwa sababu kelele inayosikika ndani ya hedifoni si lazima iwe imeanzia humo. Inaweza kutoka kwenye umeme, chaja, simu iliyowekwa karibu au pini iliyojaa vumbi. Hedifoni imeifikisha tu masikioni. Tena hedifoni ya studio imetengenezwa ili msikilizaji asikie kila dosari. Zile ndogo za bei rahisi alizozizoea mteja zilikuwa zinamficha mengi.

Soko lenyewe lipo. Nakivale, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi sokoni. Zipo kwaya, wahubiri, madijei na vijana wanaorekodi. Wote wanahitaji vifaa vya sauti, na wote wanaambiana ni nani aliyewauzia kibovu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Kabla ya kubishana na mteja, mwombe aje na vifaa vyake vyote. Kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, chomeka hedifoni kwenye simu au redio ndogo ya betri ambayo haipo kwenye chaji. Zikitulia, basi hedifoni hazina kosa. Zikivuma hata hapo, tatizo ni lake mwenyewe au la waya wake.

Pili, zirudishe kwenye kompyuta ya mteja, kisha chomoa chaja ili kompyuta itumie betri yake. Kelele ikikatika papo hapo, mkosaji ni umeme au chaja.

Tatu, kelele ikiendelea, chomoa maikrofoni. Ikikoma, angalia maikrofoni na waya wake. Isipokoma, badilisha waya wa kadi ya sauti, kisha tundu la USB. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana hutajua ni kipi kilichoponya.

Kila kelele ina asili yake

Mvumo mzito usiokatika, kama wa transfoma, ni wa umeme. Umeme wa Uganda hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mwendo huo ukipenya kwenye waya wa sauti husikika kama mvumo. Vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku vikichota umeme kwenye soketi tofauti huweza kuuleta. Jaribu kuvichomeka vyote kwenye soketi moja ya nyaya. Anayetumia sola achunguze inveta pia: nyingi za bei nafuu hazitoi umeme laini kama wa gridi, na ukali huo husikika kama nyuki.

Mlio wa "tarata-tarata" unaokuja na kuondoka ni simu inayowasiliana na mnara. Isogeze mbali na nyaya, mita moja au mbili, au izime wakati wa kurekodi.

Sauti ya "shhhh" kama mvua ya mbali hutokana na kuongeza mno nguvu ya maikrofoni au ya kifaa. Hapa mfanyabiashara ajue kusoma omu, kipimo kinachoandikwa kwenye boksi kwa alama Ω. Hedifoni moja huweza kuuzwa kwa vipimo tofauti. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, imeuzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Ya 250 ikichomekwa kwenye simu hutoa sauti dhaifu, mteja anapandisha kila kitu hadi mwisho, na "shhhh" inapanda nayo. Anayetumia simu au kompyuta tupu muuzie ya omu chache.

Mkwaruzo unaotokea ukitikisa waya ni pini chafu au waya uliokatika kwa ndani. Vumbi jekundu la Nakivale halina huruma. Futa pini kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, jaribu tena. Waya ukiwa umekatika, fundi wa redio anaweza kuukata na kuunga pini mpya.

Sauti inayokatika "pa-pa-pa" wakati kompyuta inafanya kazi nyingi ni kompyuta kuelemewa. Kwenye programu ya kurekodi, ongeza bafa kutoka 128 hadi 256 au 512.

Mtetemo wa upande mmoja, hasa besi ikipiga, unaweza kuwa unywele ulioingia na kugusa utando wa spika. Ondoa sponji, angalia, utoe kwa brashi laini. Usipulize kwa pampu, utapasua utando.

Mwimbaji akipotea na kubaki ala tu, sukuma pini mpaka mwisho. Pini ya simu yenye maikrofoni ina pete tatu nyeusi, ya studio ina mbili. Zikichanganywa kwenye matundu yasiyolingana, sauti huharibika ingawa hakuna kilichokufa.

Plagi zinapovuka mpaka

Jambo moja linawahusu sana wanaovuka mipaka. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa, na ile ndefu ya juu ni ya waya wa ardhini. Kongo na Burundi soketi nyingi ni za matundu mawili ya duara. Kifaa kikipitishwa kwenye adapta ya pini mbili, waya wa ardhini unapotea, na mvumo unaweza kuanza hapo. Kifaa kilichokuwa kimya Mbarara kinavuma Uvira bila kuharibika.

Wapo wanaofanya kinyume chake: wanakata pini ya ardhini ili kuua mvumo. Usifanye hivyo, wala usimshauri mteja. Mwimbaji ameweka mdomo kwenye maikrofoni ya chuma. Hitilafu ikitokea, umeme utapita kwake. Pesa ya adapta nzuri ni ndogo kuliko hiyo.

Kabla ya kulipa

Dakika tano dukani zinaokoa siku nzima barabarani. Nenda na simu yenye tundu la pini na wimbo unaoujua vizuri. Sikiliza kushoto na kulia. Acha kimya kidogo, sikiliza. Tikisa waya karibu na pini na karibu na kikombe cha sikio. Fungua kila boksi, maana chapa zenye jina huigwa. Kubaliana na muuzaji, kwa maandishi kwenye risiti, siku ngapi unaweza kurudisha.

Risiti hiyo itakufaa pia mpakani, iwe unavuka Kikagati kwenda Murongo, Mutukula au Mirama Hills. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani ni wa bidhaa zilizotokana na nchi wanachama. Hedifoni zilizotengenezwa China hazimo, hata kama umezinunua Mbarara. Uliza forodha kabla ya kupakia.

Na yule kijana wa Base Camp? Mwambie akae, aiweke simu yake mbali, achomoe chaja. Kama mvumo umekatika, umeokoa mauzo yako, na huenda ukamuuzia chaja nyingine.