Kumpandisha Mhusika Ngazi katika Igizo Dhima

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, mchezaji huigiza mhusika mmoja kwa vikao vingi, na mhusika huyo hupanda ngazi kwa alama. Kanuni za awali zilitoa sehemu kubwa ya alama hizo kwa hazina iliyopatikana. Mwalimu wa Bukoba au Muleba atakayeutumia mtindo huu katika igizo dhima darasani na aiache kanuni hiyo.

Tuchukue somo la biashara ya kahawa. Mwanafunzi mmoja ni mkulima wa Kamachumu mwenye mgonjwa hospitalini. Mwenzake ni mlanguzi anayeinunua kahawa hiyo ingali mtini, kwa mtindo uitwao butura. Tukihesabu fedha, mlanguzi atapanda kila kikao, na mwanafunzi aliye mkulima atakata tamaa, ilhali ndiye mwenye mengi ya kufikiri. Afadhali alama zitolewe kwa uamuzi ulioelezwa sababu zake: mkulima aliyepiga hesabu ya hasara yake kabla ya kukubali bei amestahili kupanda, hata kama ameuza. Katika kadi yake tuandike ujuzi, si shilingi. Na ujuzi huo umfungulie njia, kikao kijacho aweze kuwashawishi majirani wakusanye kahawa yao katika chama cha msingi. Dadu tuziachie mvua na bei.