Insha ya tuisheni ikirudi haina kosa, jiulize nani ameitunga

Jioni watoto wengi wa Kariakoo, Gerezani na Upanga wakitoka shule huunganisha moja kwa moja tuisheni. Mzazi aliye dukani analipa ada, na mtoto akirudi na insha iliyonyooka, isiyo na kosa hata moja, anaamini fedha yake imefanya kazi.

Insha ya namna hiyo inatia shaka. Huenda mwalimu ameitunga ubaoni na mtoto ameinakili tu. Siku ya mtihani ubao huo hautakuwepo. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne una insha, na aliyezoea kunakili atafika hapo hajawahi kutunga peke yake.

Kipindi kizuri huanza na maswali. Chukulia mwanafunzi wa darasa la tano ameandika: "Kariakoo kuna watu wengi." Mwalimu anaweza kumtungia sentensi tamu zaidi, yakaisha. Lakini akimuuliza, "Ukipita Mtaa wa Kongo unasikia nini?" mtoto atajibu haraka: wauza nguo wanaita "buku mbili, buku mbili!", msukuma mkokoteni anaomba njia. Hapo mwalimu anamwambia, "Haya, andika hivyo hivyo ulivyonisimulia." Maneno anayo, alihitaji mtu wa kumuuliza.

Jambo la pili ni masahihisho. Ukurasa uliojaa wino mwekundu humvunja mtoto moyo. Akionyeshwa kosa moja au mawili, mfano nukta na herufi kubwa, kisha akaandika upya mwenyewe, ataondoka na kitu cha kutumia kesho. Makosa mengine yasubiri kipindi kijacho. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza mwalimu ana watoto wangapi kwa wakati mmoja. Mwenye watoto 40 hawezi kukaa na daftari la kila mmoja.

La tatu ni afya. Mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi hawezi kutunga akiwa na njaa. Ale na apumzike kwanza. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani wanapendekeza watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayetoka tuisheni saa 2 usiku, akalala saa 4 na kuamshwa saa 11 alfajiri awahi daladala, amepata saa 7 tu. Na akikunja macho kutazama ubao, au akisogeza daftari karibu na pua, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumwongezea vipindi.

Mzazi, huhitaji kuwa mwalimu ili ujue kama kipindi kimefaa. Muulize mwanao: "Leo umeandika nini?" na "Ukiandika tena, utabadilisha nini?" Kisha fungua daftari. Sentensi iliyokatwa na kuandikwa upya kwa mwandiko wake ni dalili nzuri kuliko vema nyekundu.

Nyumbani, mwachie aandike orodha ya vitu vya sokoni au ujumbe wa kumtumia bibi yake. Jumamosi mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye sehemu ya watoto. Anayesoma hadithi hupata pa kuchota maneno.