Chupa Moja, Maradhi Kumi

Siku ya soko Chwele, au pale Kanduyi abiria wakingoja matatu ijae, mwuza dawa za miti shamba hakosi. Chupa za soda zilizokwisha kazi zimejazwa maji ya kahawia, na kwenye kadibodi iko orodha: presha, sukari, taifodi, vidonda vya tumbo, mgongo, nguvu za kiume. Mteja huvutwa na urefu wa orodha, kumbe ndio ungemtia shaka. Taifodi huletwa na bakteria wa maji au chakula kichafu. Sukari hutokana na upungufu wa insulini, au mwili kutoiitikia. Kinachoua mdudu wa tumboni kitarudishaje insulini? Tabia hii ya kuipa dawa moja maradhi mengi ni ya zamani, maana mwarobaini umebebeshwa dai la maradhi arobaini kwenye jina lake.

Jibu la mteja hujulikana: jirani alikunywa, akapona. Huenda alipona kweli. Homa ya mafua, kuhara na maumivu mengi ya mgongo huisha yenyewe, na mtu hukimbilia dawa anapozidiwa, wakati nafuu haiko mbali. Chupa hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Presha ndiyo inayoiumbua hoja hii, kwa kuwa kwa kawaida haiumi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Asiyesikia ugonjwa atasikiaje kupona? Ushahidi ni ule mkanda unaobana mkono, kabla ya dawa na baada yake, tena si mara moja. Mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania, kilichokosekana barabarani si imani bali vipimo vya kabla na baada.

Wapo watakaosema huku ni kudharau miti yetu. La. Dawa ya malaria inayotolewa zahanati zetu leo ina artemisinini, iliyotoka kwenye mmea uliotumika China karne nyingi. Tu Youyou alitunukiwa Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini mmea ule ulijaribiwa na kipimo chake kikajulikana. Hoja nzito zaidi ni ya foleni: hospitalini mtu hukaa tangu asubuhi, aambiwe dawa zimeisha, ilhali mwuzaji wa sokoni humwita mama na kumsikiliza. Hilo ni kosa la huduma, wala halibadilishi kilichomo chupani.

Na jambo lenye ushahidi mwingi kuhusu presha halina mwuzaji kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ya mkate, ya sukuma wiki, na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi kabla mtu hajaonja.