Radi moja, bei nne

Mchawi wako amebanwa ukutani. Adui mwenye upanga yuko futi 5 mbele yake, nawe umebakiwa na radi moja ya kiwango cha 3. Utairusha? Inategemea kanuni zilizo mezani, na kwa kundi la Kampala linaloanza michezo hii ya kuigiza mashujaa na majini, ningeuliza hilo kabla ya kuuliza bei ya kitabu.

Maana kitabu si lazima ukinunue. Mwongozo wa mchezaji wa Dungeons & Dragons huuzwa karibu dola 50 Marekani, bado hujalipia usafiri wala ushuru. Lakini tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo lake la tano zinatolewa bure kwa leseni ya Creative Commons: faili moja ya kurasa 403, unaipakua mara moja na kuisoma hata bando likiisha. Kanuni za Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, nazo ni bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, ila hapo utakula bando kila mnapobishana. Usichape faili nzima. Peleka Nasser Road sura ya mapigano, pamoja na maelezo ya uchawi ambao wahusika wenu wanao, basi.

Gharama inayobaki ni ya muda na ya roho ya mchezo. Katika D&D 3.5 ya mwaka 2003, ukiroga karibu na adui anapata pigo la bure. Kulikwepa, unaroga kwa kujihami: unatupa dadu la pande 20, unajumlisha umakini wako, nawe ufikishe 15 na kiwango cha uchawi juu yake. Radi yetu inadai 18. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 10 atafaulu mara 13 kati ya 20. Akikosa, radi imepotea. Pathfinder ya kwanza, ya 2009, ilikaza zaidi: kiwango kinahesabiwa mara mbili, radi inadai 21, na mchawi wa ngazi hiyo hiyo mwenye akili 18 atafaulu mara 9 tu.

Toleo la tano, la 2014, halidai chochote kwa radi. Adui ndiye anayetupa dadu kujiokoa. Anayeumia ni mwenye kulenga shabaha, kama anayerusha mshale wa moto: anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo, hata nafasi ya asilimia 60 ishuke hadi 36. Ni rahisi kufundisha. Lakini nimeona wachawi wakijipanga mstari wa mbele kana kwamba wamevaa chuma, na hofu ikatoweka mezani. Kitabu cha kulipia cha mwaka huo kina kipaji cha kumpiga mchawi anayeroga karibu nawe. Faili ya bure haina. Msimamizi wa mchezo anaweza kuwapa askari wachache uwezo wa namna hiyo kwa maneno yake mwenyewe.

Pathfinder ya pili, ya 2019, ndiyo ninayoipenda. Si kila adui anayekupiga ukiroga, ni yule aliyefunzwa vita, na pigo lake likiwa zito kupita kiasi uchawi unakatika. Kila zamu una vitendo 3. Radi inakula 2, kimoja unakitumia kurudi hatua moja, endapo ukuta haukuzuii. Wachezaji wa omweso wataielewa kanuni hii upesi. Kwenye ubao ule empiki zako, yaani mbegu za kuchezea, zinaliwa pale tu ambapo mashimo yako mawili yanayopakana, la ndani na la nje, yote yana kitu. Ukiacha la ndani tupu, la nje limepona. Ukaribu peke yake hauui. Unauawa na jinsi ulivyojipanga.

Kundi la wageni lenye saa tatu za Jumamosi, kabla watu hawajaanza kuwahi teksi za Kireka, lichukue toleo la tano. Mkishazoea, na bando lipo, hamieni Pathfinder ya pili. Ile 3.5 nisingempa mgeni: kila uchawi wa karibu unaongeza dadu, na kila dadu linaongeza hesabu.

Dadu za ludo hazitoshi. Katakateni vikaratasi, viandikeni 1 hadi 20, vitieni kikombeni, na kila kinachochomolewa kirudishwe kabla ya mwingine kuchomoa.