NYOTA ALGOL: MIALI X INATOKA WAPI?



Juma lililopita tulieleza mbele ya mwaka wa nne kwamba miali X ya Algol (ile ile ya kupiga radio ya mifupa ku hospitali) inatoka ku nyota yenye moto mwingi. Tulikosa. Tunapaswa kusahihisha.

Munaona Algol kama nyota moja, upande wa kaskazini, usiku wa mwezi wa 12, kama mawingu ya mvua yanakubali. Kumbe kuko nyota mbili zenye kuzungukana. Kila siku 2, saa 20 na dakika 49, ile baridi inapita mbele ya ile ya moto, na mwangaza unapunguka sana.

Kama miali X ingetoka kwa ile ya moto, nayo ingepunguka vile. Lakini hapana. Tena tarehe 30 mwezi wa 8, 1997, satelite BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyokuwa ikituma habari zake ku Malindi, Kenya, iliona mulipuko mukubwa wa miali X. Nyota ya moto ikapita mbele, mulipuko ukafichwa, kisha ukatokea tena. Basi ulikuwa ku nyota baridi!

Sababu? Nyota hiyo inajizungusha mara moja kwa siku karibu 3. Jua letu siku karibu 25. Ndani yake gesi inachemka kama maji mu sufuria. Mbio na kuchemka vinazaa sumaku, na sumaku inapasha taji yake, ile gesi ya juu, mpaka mamilioni ya digrii. (Na "baridi" hapa ni digrii karibu 4,500, musicheke.)